Iskandaria kwa siku nne: mwongozo kamili wa kuutembea mji na safari za kwenda na kurudi siku hiyohiyo

Iskandaria, ambayo wasomaji wa Biblia wanaijua kwa jina la Aleksandria, ni mji mrefu na mwembamba. Kaskazini kuna Bahari ya Mediterania, kusini kuna ziwa Maryut, na nyumba zimebanana katikati. Kutoka Ras el-Tin upande wa magharibi hadi Montaza mashariki ni kama kilomita 20, na karibu magari yote hupita njia chache zinazofuatana na pwani. Hapo ndipo siku za wageni zinapopotelea. Mtu hupanga makaburi ya kale asubuhi, bustani za Montaza mchana na ngome jioni, kisha nusu ya siku inaishia kwenye foleni. Kwa hiyo mpango wote uliomo humu umejengwa juu ya kanuni moja: siku moja, upande mmoja. Safari za nje ya mji nazo ni vivyo hivyo. Rashid iko mashariki, Alamein iko magharibi, na dereva anayekuambia zote mbili zinawezekana kwa siku moja anauza mafuta yake.

Msimu

Miezi mizuri ni Oktoba hadi katikati ya Novemba, kisha Machi hadi Mei. Julai na Agosti watu wa Kairo huhamia pwani: treni hujaa, bei za vyumba hupanda, na foleni ya barabara ya pwani, wanayoiita Kornishi, haiishi hadi usiku wa manane. Kati ya Machi na Mei huja siku chache za upepo wa khamsini uletao vumbi la jangwani. Ukiona anga imekuwa ya manjano, fanya siku hiyo iwe ya makumbusho.

Majira ya baridi yana dhoruba za mvua ambazo wenyeji wanazijua kwa majina na tarehe kama wavuvi wetu wanavyojua kusi na kaskazi. Dhoruba moja wanaiita nawwa. El-Maknasa, maana yake ufagio, huja katikati ya Novemba. Qasim huja mwanzoni mwa Desemba. El-Fayda el-Kabira, yaani furiko kubwa, huja katikati ya Januari. Dhoruba ikipiga, mawimbi huruka ukuta wa Kornishi na mitaa ya chini hujaa maji, maana mifereji haiwezi kuyameza kwa haraka. Kwa kawaida hali hudumu siku mbili hadi nne. Ukija Desemba au Januari, weka siku moja ya akiba isiyo na mpango.

Kufika, na neno litakalokuchanganya

Kutoka Kairo treni ndiyo njia ya raha zaidi: saa mbili na nusu hadi tatu hivi kutoka stesheni ya Ramses. Iskandaria ina stesheni mbili za kushukia. Treni hufika kwanza Sidi Gaber, ndipo ikamalizia Mahattat Masr katikati ya mji. Aliyepanga chumba upande wa mashariki ashuke Sidi Gaber. Aliyepanga karibu na uwanja wa Saad Zaghloul aendelee hadi mwisho. Wengi hushuka Sidi Gaber kwa kuwaona wenzao wanashuka, halafu wanalipa teksi ya kuwarudisha njia ileile.

Neno lenyewe ni "Masr". Ni jina la nchi, lakini watu wa Iskandaria wakisema wanakwenda Masr wanamaanisha Kairo. Ukimwambia dereva "Masr" tu, atakupeleka kwenye magari ya Kairo. Sema neno zima: Mahattat Masr.

Kwa ndege, uwanja ni Borg el-Arab, kama kilomita 45 kusini-magharibi ya mji. Patana na teksi au agiza gari kwa programu ya simu kabla ya kutoka nje ya jengo. Viza shughulikia mapema na ubalozi wa Misri katika nchi yako. Usitegemee kupewa ukifika, maana masharti hutofautiana kwa pasipoti.

Hesabu unazijua, saa huijui

Msemaji wa Kiswahili ana mtaji hapa kuliko Mzungu yeyote. Ishirini, thelathini, arobaini, hamsini, sitini, sabini, themanini, tisini, mia na elfu zetu zimetoka kwao, na kwa Kimisri husikika karibu vilevile: ishrin, talatin, arbain, khamsin, sittin, sabain, tamanin, tisin, miyya, alf. Nusu ni "nuss", robo ni "rub". Bei nyingi utaisikia na kuielewa kabla hujatoa kikokotoo cha simu.

Saa, hata hivyo, ni mtego. Wamisri huhesabu saa kuanzia usiku wa manane na adhuhuri. Dereva akikwambia "is-saa tisa", anamaanisha saa tatu yetu ya asubuhi. "Is-saa sitta" ni saa kumi na mbili. Kwa sababu maneno yanafanana kabisa, kichwa hupokea bila kutafsiri, na gari linaondoka saa sita nzima kabla hujatoka chumbani. Miadi yoyote iandikwe kwa tarakimu kwenye simu na muoneshane. Humu mote saa ni za Kiswahili.

Tarakimu za ukutani na kwenye namba za magari ni za Kiarabu. Waliopita chuoni, yaani madrasa, hawana shida. Wengine wakumbuke manne haya: nukta ni sifuri, duara ni tano, umbo la V ni saba, na V iliyopinduliwa ni nane. Sita yao inafanana na 7 yetu, na hiyo ndiyo inayowapoteza watu kwenye bei.

Usafiri wa mjini

Teksi za Iskandaria ni nyeusi na njano, na mita zao hazifanyi kazi au hazitumiki. Patana kabla ya kupanda, au agiza gari kwa programu ya simu ili angalau ujue bei ya haki ni ipi, kisha uitumie kama kipimo. Usitaje namba ya nyumba. Taja alama: msikiti, hospitali, stesheni. Mwite dereva "ya usta", kama sisi tunavyosema fundi. Ni heshima, na hupunguza ubishi.

Daladala zao zinaitwa "mashru". Zinapita Kornishi na barabara ya ndani mchana kutwa. Simama upande sahihi wa barabara, taja mwisho wa safari yako dirishani, panda. Nauli huipitisha kwa abiria wa mbele yako, nayo hufika kwa dereva mkono kwa mkono, na chenji hurudi hivyohivyo. Kushuka sema "ala gamb, ya usta", yaani weka pembeni. Beba noti ndogo: ukitoa noti kubwa, gari zima litakungoja.

Tramu ya Raml ni ya tangu karne ya 19 na ni nzuri kwa macho, ila imeingia kwenye mradi mkubwa wa kujengwa upya, na reli ya Abu Qir nayo inageuzwa kuwa metro. Usiweke miadi yenye saa maalumu juu ya usafiri huo.

Kuvuka Kornishi kwa miguu ni jambo la kuchukuliwa kwa uzito. Ina njia nyingi na magari hayapunguzi. Tafuta kivuko cha chini ya barabara, hata kama kiko mita 300 mbali.

Tiketi

Sehemu nyingi za mambo ya kale hufunguliwa saa 3 asubuhi na kufungwa kati ya saa 10 na 11 jioni, na dirisha la tiketi hufungwa mapema zaidi. Ramadhani kila kitu hupungua kwa saa moja au mbili. Mambo matatu huwaharibia watu siku. Kwanza, maeneo mengi ya serikali sasa hayapokei noti bali kadi ya benki tu. Jaribu kadi yako kwenye mashine mjini siku uliyofika, na iwe imefunguliwa kwa malipo ya nje. Pili, kuna bei ya wenyeji na bei ya wageni. Wenye pasipoti za nchi za Kiarabu kwa kawaida huingia kwa bei ya wenyeji, kwa hiyo Waswahili wa Oman wabebe pasipoti au kitambulisho chao. Tatu, wanafunzi wa kigeni hupata nusu bei, lakini kitambulisho cha kimataifa cha wanafunzi kinakubaliwa kwa urahisi kuliko kadi ya chuo.

Kupiga picha kwa simu si tatizo. Droni ni marufuku, tena usiibebe kabisa. Usielekeze kamera kwenye kambi, bandari ya kijeshi, wala kasri la Ras el-Tin.

Siku ya kwanza: makaburi, nguzo na katikati ya mji

Anza saa 3 kamili Kom el-Shoqafa, mtaa wa Karmuz, kabla ya mabasi ya watalii kutoka Kairo hayajafika, ambayo huingia kati ya saa 4 na 5. Ni makaburi ya karne ya 2 yaliyochongwa ndani ya mwamba kwa ghorofa tatu kwenda chini. Yaligunduliwa mwaka 1900, na maelezo yanayokubalika ni kwamba punda alitumbukia shimoni. Unashuka kwa ngazi za mzunguko, karibu mia moja, kuzunguka kisima ambacho maiti ziliteremshwa kwa kamba. Jina lake lina maana ya kilima cha vigae: waliozuru wafu wao walikula humo na kuvunja vyungu badala ya kuvirudisha nyumbani.

Usikimbilie chini. Ukifika ghorofa ya kati simama mbele ya chumba kikuu na utazame mlangoni: nyoka wawili wenye ndevu, waliovaa taji la mafirauni na kushika fimbo za miungu ya Kigiriki, na juu yao ngao yenye kichwa cha Medusa, zimwi la Kigiriki lenye nywele za nyoka. Ukiingia, geuka nyuma. Anubis, mungu wa Misri mwenye kichwa cha mbweha, amevalishwa deraya ya askari wa Kirumi. Mji huu ulikuwa hivyo, wa watu watatu ndani ya mwili mmoja, na hakuna jumba la makumbusho linalouonesha vizuri kama ukuta huo. Majeneza matatu ya mawe yaliyomo yana vifuniko visivyofunguka. Maiti ilikusudiwa kupitishwa kwa nyuma, kupitia ujia unaozunguka chumba. Kwa miaka mingi ghorofa ya chini ilikuwa imejaa maji, hadi mradi wa kuyapampu ulipokamilika mwaka 2019. Vaa viatu vinavyoshika, kwani sakafu huteleza, na joto la unyevu humo huwachosha wenye pumu. Tenga saa moja.

Kutoka hapo hadi nguzo ni mwendo mfupi kwa miguu. Wageni huiita Nguzo ya Pompeyo, lakini Pompeyo, jemadari wa Kirumi, hana uhusiano nayo: ilisimamishwa kwa heshima ya kaisari Diokletiano mwishoni mwa karne ya 3. Kwa dereva jina ni Amud es-Sawari. Ina urefu wa karibu mita 27 na mwili wake ni pande moja la graniti nyekundu kutoka Aswan. Wengi hupiga picha na kuondoka. Teremka kwenye mashimo ya chini upande wa magharibi: hapo palikuwa hekalu la mungu Serapis, lililobomolewa mwaka 391, na njia zake za chini ya ardhi bado zipo. Dakika 40 zinatosha.

Chukua teksi hadi Kom el-Dikka, karibu na Mahattat Masr. Mwaka 1960 wachimbaji wa Kipolandi walikuta hapa jumba la duara lenye safu 13 za viti vya marumaru. Kando yake kuna safu ya kumbi ndogo kama ishirini zenye mabenchi ya mawe na kiti cha mwalimu: ni madarasa ya karne ya 5 hadi ya 7. Nyumba ya Ndege, yenye mozaiki, yaani picha za vijiwe, sakafuni, ina tiketi yake; inunue pamoja na ile ya kwanza, la sivyo utarudishwa getini.

Malizia kwa Makumbusho ya Kigiriki na Kirumi, dakika 10 hadi 15 kwa miguu. Yalianzishwa 1892, yakafungwa 2005, na kufunguliwa upya Oktoba 2023. Yape saa mbili zisizo na haraka, na utafute Apis, fahali mtakatifu wa Wamisri wa kale, wa jiwe jeusi: alitoka pale kwenye nguzo uliyoiona asubuhi. Kama miguu imekwisha, Makumbusho ya Taifa ya mtaa wa Fuad yanaweza kuachwa bila majuto.

Siku ya pili: rasi ya mnara wa taa

Saa 3 asubuhi uwe ngome ya Qaitbay. Sultani Qaitbay aliijenga kati ya 1477 na 1479 juu ya msingi wa mnara wa taa wa Faro, mojawapo ya maajabu saba ya kale, uliobomoka kwa matetemeko ya ardhi, makubwa yakiwa ya 1303 na 1323. Mnara wenyewe haupo. Kuna mawe yake tu. Tazama vipande vya graniti nyekundu vilivyotumika kwenye milango ya ngome, vinavyodhaniwa kuwa vya mnara, kisha jua kwamba mengine yako majini chini yako: kuanzia 1994 wapiga mbizi wakiongozwa na mwanaakiolojia Mfaransa Jean-Yves Empereur walihesabu maelfu ya vipande. Ijumaa alasiri familia zote za mji huja hapa, basi siku hiyo uiepuke. Siku ya mawimbi kaa mbali na mawe ya nje.

Ukitoka, fuata ghuba kwa miguu kuelekea mtaa wa Bahari, dakika 20 hadi msikiti wa Abu el-Abbas el-Mursi. Walii huyu alizaliwa Murcia, Andalusia, mwaka 1219. Msikiti wa sasa wenye umbo la pembe nane ulichorwa na Mwitaliano Mario Rossi na kukamilika miaka ya 1940. Wanawake wana mlango wao, beba mtandio. Usiingie dakika za swala kama nia yako ni kutazama.

Vitabu vingi vya watalii huishia hapo, ilhali hatua chache mbele kuna msikiti mdogo ambao kwa watu wa pwani yetu ni mkubwa zaidi: wa Imam el-Busiri, mwanafunzi wa Abu el-Abbas na mtunzi wa Kasida ya Burda, ileile inayosomwa kutoka Lamu hadi Unguja. Kaburi lake limo humo, na beti zake zimeandikwa kutani. Anayeijua Burda kwa moyo atafuata ukuta kwa macho bila mwongozaji.

Chakula cha mchana kiwe hukuhuku Bahari, kwa samaki. Utaratibu ni huu. Chagua samaki mwenyewe kwenye barafu: macho maangavu, matamvua mekundu. Uliza bei ya kilo, kisha uliza kama ndiyo bei ya kupikwa au bado mbichi. Hapo ndipo ugomvi wa bili huanzia. Apimwe mbele yako. Kilo moja ya samaki mzima huwatosha wawili. Kamba, wanaoitwa gambari, nusu kilo. Eleza upishi: "radda" ni kupakwa pumba za ngano na kuchomwa hadi ngozi iwe nyeusi, na nyama hubaki na maji yake, "singari" ni kupasuliwa na kuokwa na nyanya, vitunguu na pilipili hoho. Agiza na wali wa sayadiya, uliotiwa rangi kwa vitunguu vilivyokaangwa hadi kukaribia kuungua. Visahani vya saladi vitaletwa bila kuombwa na vitahesabiwa. Usivyotaka, virudishe kabla hujavigusa.

Alasiri nenda Maktaba ya Iskandaria, iliyofunguliwa 2002 karibu na mahali ilipodhaniwa kuwa maktaba ya kale. Hakikisha saa za siku husika, maana Ijumaa na Jumamosi zina ratiba yake. Mabegi huachwa nje kwenye chumba cha mizigo. Ingia na simu, pesa na pasipoti. Paa lake ni sahani iliyoinama yenye kipenyo cha mita 160, na ukumbi wa kusomea una ngazi 11 zinazoshuka chini yake, ukipata mwanga wa jua usiowaka machoni mwa msomaji. Nje, ukuta wa graniti umechongwa herufi za maandishi ya dunia nzima. Makumbusho ya ndani yana tiketi zake. Ya mambo ya kale inafaa, kwa sababu mozaiki ya mbwa aliyekaa kando ya chungu kilichopinduka ilipatikana wakati wa kuchimba msingi wa jengo hilihili.

Montaza? Ni bustani na kasri usiloingia. Nenda kama umelala upande huo.

Siku ya tatu: Rashid

Rashid, kilomita 65 mashariki, ndiyo safari bora ya siku moja kutoka Iskandaria, na bahati nzuri ni rahisi pia. Nenda kwenye stendi kubwa iitwayo el-Mauqif el-Gedid saa 2 asubuhi, taja Rashid, panda mashru. Haina ratiba, hujaa ndipo iondoke. Mwendo ni saa moja hadi moja na nusu. Majira ya baridi ukungu mzito huanguka asubuhi kwenye barabara za Delta, na polisi huweza kuzifunga hadi jua lipande. Siku hizo ondoka saa 4.

Anzia makumbusho yaliyomo ndani ya nyumba ya Kili, na hapo uliza tiketi za nyumba nyingine na nani ana funguo. Swali hilo usilisahau. Rashid ina nyumba kadhaa za enzi ya Waosmani, za matofali mekundu na meusi yaliyopangwa kwa nakshi, na madirisha ya mbao ya mashrabiya, lakini nyingi hufungwa kwa kufuli hadi mtunza funguo aitwe. Nyumba ya el-Amasyali na kinu cha Abu Shahin ziko pamoja: kinu kilizungushwa na wanyama, na meno ya mbao ya gurudumu lake bado yanaonekana. Hamamu ya Azuz haiko mbali. Mlinzi akikufungulia na kukutembeza, bakshishi ndogo ni haki yake. Akikuahidi kukuonesha "kitu cha siri", si lazima.

Mchana chukua teksi hadi ngome ya Qaitbay ya Rashid, kilomita chache kaskazini, karibu na Nili inapoingia baharini. Julai 1799 askari wa Napoleon waliokuwa wakiikarabati, chini ya afisa Pierre-François Bouchard, walikuta ukutani jiwe lenye maandishi ya namna tatu, ndilo Jiwe la Rosetta. Lilikuwa tangazo la mwaka 196 KK, na kupitia hilo msomi Mfaransa Champollion alifungua siri ya maandishi ya mafirauni mwaka 1822. Jiwe lenyewe liko London. Hapa kuna nakala. Mwambie teksi asubiri, maana ya kurudia haipatikani kwa urahisi.

Saa zikibaki, kodi mashua ukingoni, uende dhidi ya mkondo wa mto hadi msikiti wa Abu Mandur. Patana kwa mashua nzima, kwenda, kungoja na kurudi, wala si kwa kichwa. Uwe stendi saa 10 alasiri; kadiri jioni inavyoingia, magari hupungua na abiria huongezeka.

Siku ya nne: Abusir na Alamein

Upande huu kodi gari na dereva kwa siku nzima. Mashru hukuacha barabarani Alamein, na makaburi ya vita yametawanyika kwa kilomita kadhaa pasipo teksi. Makubaliano yataje vituo vyote kwa majina, saa ya kuondoka na ya kurudi kwa tarakimu, kwamba mafuta na ushuru wa barabara vimo, na kwamba malipo ni mwisho wa safari. Nenda kati ya Jumapili na Jumatano. Alhamisi na Ijumaa za kiangazi barabara hii hujaa watu wa Kairo waendao fukweni.

Kituo cha kwanza ni Abusir, Taposiris Magna ya kale, karibu nusu ya njia. Kuta za hekalu la mungu Osiris zimesimama bila paa. Lakini kinachostahili kusimamisha gari ni mnara mdogo jirani: chini mraba, katikati pembe nane, juu duara. Huaminika kuwa umeiga mnara wa Faro. Ule usioonekana Qaitbay, umbo lake ndilo hili. Uchimbaji ukiendelea, sehemu nyingine hufungwa. Uliza getini kabla ya kulipa.

Alamein iko zaidi ya kilomita 100 kutoka mjini. Mapigano makuu ya hapa, ya Vita vya Pili vya Dunia kati ya Waingereza na washirika wao na Wajerumani na Waitaliano, yalianza usiku wa Oktoba 23, 1942, na mahali palichaguliwa na jiografia: kusini kuna bonde la Qattara ambalo vifaru haviwezi kupita, hivyo kutoka bahari hadi bonde palibaki mlango wa kama kilomita 60 tu. Anza na makaburi ya Jumuiya ya Madola, yenye maiti 7,240, na kuta za majina ya zaidi ya askari 11,000 wasio na kaburi linalojulikana. Vijana wa Kenya, Uganda na Tanganyika nao waliandikishwa kwenye vikosi vya kazi vya Mashariki ya Kati. Mwenye babu aliyepotea vitani humo atafute jina kwenye tovuti ya tume ya makaburi hayo kabla ya safari, aandike namba ya eneo, safu na kaburi, au ya ubao. Bila namba utazunguka juani saa nzima. Kisha makumbusho ya kijeshi, ngome ya kumbukumbu ya Wajerumani iliyofunguliwa 1959 yenye mabaki ya watu zaidi ya 4,200, na mwishoni mnara mweupe wa Waitaliano, uliojengwa na Paolo Caccia Dominioni, aliyetumia miaka jangwani akikusanya mifupa ya wote bila kuchagua upande. Milango ikiwa imefungwa, ngoja kidogo: mlinzi huwa karibu na ufunguo.

Usitoke nje ya njia hata kwa kujisaidia. Mabomu ya kutegwa ardhini ya vita hivyo bado yamo mchangani. Beba maji lita mbili kwa mtu na chakula kutoka mjini.

Ukiwa na siku ya tano

Abu Mina, karibu na Borg el-Arab, ni magofu ya mji wa hija wa Wakristo wa kale ambao vichupa vyao vya udongo vyenye picha ya mtakatifu kati ya ngamia wawili vimepatikana hadi Ulaya. Maji ya umwagiliaji yalipanda chini ya misingi, na UNESCO ikaiweka kwenye orodha ya hatari kuanzia 2001 hadi 2025. Dereva akikufikisha kwenye monasteri mpya ya 1959, mwambie magofu ni mbele zaidi. Wengi hurudi bila kuyaona.

Wadi Natrun, yenye monasteri nne za Kikoptiki, yaani za Wakristo wa Misri, usiifanye safari ya kurudi Iskandaria. Iko kwenye barabara ya jangwani ya Kairo, kwa hiyo ipite siku ya kuondoka, mizigo ikiwa ndani ya buti. Angalia kalenda ya mifungo yao: Kwaresima ndefu kabla ya Pasaka, na mfungo wa Noeli kuanzia Novemba 25 hadi Januari 6. Baadhi ya monasteri hufunga milango kwa wageni siku hizo. Ya Anba Bishoi ndiyo yenye desturi ya kupokea watu zaidi. Mabega na magoti yafunikwe, na viatu huvuliwa kanisani, kwa hiyo soksi ni muhimu: mawe ya sakafu ni ya baridi kali Januari. Saa 8 mchana uwe umeshaondoka, ili uingie Kairo kabla foleni za jioni hazijaanza.